Namba Sita wa Bwera

Kila mwandishi wa habari aliyewahi kunihoji alitaka nianze na mpira wa makaratasi. Wanaupenda mno. Hukaa mbele yangu, huweka simu zao mezani zirekodi, kisha huinamisha kichwa kwa huruma na kuuliza, "Utotoni mlikuwa mnachezea nini?" Nami huwavunja moyo. Tulikuwa na mpira halisi, wa ngozi, uliovuka mpaka kutoka Butembo ndani ya bunda la vitenge vya mama, na ulikuwa umejaa upepo. Sikuanza soka kwa sababu ya umaskini, wala sikuoteshwa na malaika. Nilianza kwa sababu mwalimu wa netiboli alinifukuza. Alisema mimi ni mfupi na viwiko vyangu vina nia mbaya, na kwa yote mawili alikuwa sahihi.

Nilizaliwa Bwera, upande wa Waganda, karibu sana na mpaka wa Mpondwe kiasi kwamba siku za soko unasikia Kongo nzima ikipita barabarani. Baba ni mkulima wa kahawa, ukoo wake wa Munkunyu. Mama ni Mkongo wa Butembo. Alivuka na vitenge vyake Jumanne moja, akauza, akarudi; akavuka tena Ijumaa, akauza, akarudi; na iliendelea hivyo mpaka kukawa na Ijumaa ambayo hakurudi. Baba husema alimvuta kwa maneno matamu. Yeyote anayemfahamu baba anajua huo ni uongo. Baba hutumia maneno kumi kwa siku, na manne kati ya hayo humwambia mbuzi. Mwenye kuongea ni mama, na katika soko lile lenye watu wa kuongea, yeye ndiye waliyekuwa wakimnyamazia.

Aliposikia kwamba binti yake anakimbiza mpira pamoja na wavulana, alikwenda kanisani kuuliza. Alirudi na jibu.

"Banasema tumbo itageuka," aliniambia. "Mutoto mwanamuke akikimbia sana, tumbo inageuka, hatazaa."

"Nani anasema?"

"Katekista."

"Mama, bibi ya katekista anakimbiaka kila siku. Anakimbia mtoni, anakimbia shamba, anakimbia soko. Na iko na batoto tisa."

Nilipata kofi la kumdharau mtu wa Kanisa, lakini nilimwona mama akigeuza uso ili asionekane akicheka. Kuanzia hapo hakunizuia tena. Alichofanya ni kukataa kabisa kutazama, na katika kukataa huko alikuwa na msimamo kuliko wachezaji wengi niliowahi kucheza nao.

Kocha wetu shuleni alikuwa mwanajeshi mstaafu. Sisi sote tulimwita afande, na yeye alituita sote "wewe". Alifundisha mpira kama mtu anayelinda daraja. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatembea mbele yetu mikono nyuma, akasimama kwangu.

"Wewe mufupi. Namba sita. Simama kati. Kazi yako iko moja: hakuna mtu anapita. Mpira ikikuja, chukua, peana. Hapana cheza-cheza."

"Na kufunga goli, afande?"

"Goli iko kazi ya wengine. Wewe iko geti."

Baadaye nilifundishwa na makocha wenye kompyuta, ubao wa sumaku na vyeti vya Ulaya. Walinieleza jambo hilohilo kwa saa mbili, na picha.

Nilipomaliza shule nilijiunga na timu ya wanawake ya Kasese mjini. Uwanja wetu ulikuwa na nyasi upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, na ng'ombe walikuwa watazamaji wenye adabu kuliko wanaume. Wanaume walikuja kila Jumapili kutuambia twende tukapike. Walikuja mapema ili wapate nafasi nzuri ya kutuambia hivyo. Jumapili moja akaja pia msaidizi wa kocha wa timu ya taifa. Alikuwa amemfuata mshambuliaji wetu, dada mrefu ambaye sifa zake zilikuwa zimefika Kampala. Dada huyo alilala nyumbani siku hiyo na malaria. Yule msaidizi alikuwa ametoka mbali na ilibidi aandike jina la mtu fulani, hivyo akaandika langu. Huko ndiko kugunduliwa kwa kipaji changu, kama vitabu vya shule vitataka kujua.

Redio ilitangaza kwamba nimeitwa kambini, majina yangu yakiwa yamegeuzwa nyuma mbele. Mama aliwapa majirani soda. Kisha nikaambiwa nitafute pasipoti, maana baada ya mechi ya nyumbani timu ingesafiri kwa marudiano.

Ofisi niliyotumwa ilikuwa na kijana mmoja nadhifu, mwenye tai. Alianza kwa Kiingereza, nikajibu. Akaenda kwa Kiswahili, nikajibu pia, na hapo nikajimaliza. Kwa watu wengi wa nchi yangu, anayekijua Kiswahili vizuri ni askari, au mwizi, au Mkongo. Bunduki sikuwa nayo, na ofisini hakuna kilichokuwa kimepotea, basi akachagua Mkongo.

"Kiswahili hii umetoa wapi?"

"Nyumbani, Bwera."

"Ongea Lhukonzo."

Nikaongea. Alisikiliza lugha hiyo ya baba hadi mwisho, akasema hata ng'ambo ya mto, Kongo, wanaongea hivyohivyo, kwa hiyo haisaidii. Nikaongea Luganda. Akasema hiyo nimejifunza. Akaniambia niimbe wimbo wa taifa. Nikasimama pale mbele ya foleni, nikaimba beti zote tatu. Yeye alinifuata kwa midomo hadi mwisho wa ubeti wa kwanza, kisha akaanza kutafuta kalamu yake chini ya karatasi. Nilipomaliza alisema kwamba Mganda wa kweli hajui beti zote tatu, na kwamba hilo lenyewe linatia shaka.

Nilirudi nyumbani nikalia nyuma ya jiko. Sioni haya kusema. Miaka ishirini na kitu nimekanyaga udongo ule, na mtu mwenye tai ameniambia nimeukanyaga kimakosa. Baba alinikuta pale. Alikaa kando yangu muda mrefu, kisha akatumia maneno matatu ya siku ile.

"Tutakwenda na wazee."

Walikwenda saba. Kaka zake baba, baba zake wadogo, na mzee mmoja ambaye hadi leo sijui tunahusiana vipi, lakini alikuwa na koti zuri. Walivaa makoti yao ya mazishi katika joto la Kasese na wakajipanga kwenye benchi la korido. Kabla hatujaondoka, baba alikuwa amemgeukia mama na kutoa agizo ambalo hakuna mwanaume wa Bwera aliyewahi kulithubutu.

"Leo wewe ni bubu. Ukifungua mdomo tu, mtoto amekuwa Mkongo."

Mama akakubali. Alinyamaza ndani ya gari. Akanyamaza koridoni. Wazee waliingia, wakaanza kutaja ukoo, baba wa nani, mwana wa nani, nani alihama kutoka kilima gani na kwa sababu ya ugomvi gani. Walipotofautiana juu ya babu wa tano, walibishana mbele ya meza ya yule kijana, naye akaandika mambo yote mawili. Mama alisimama mlangoni akibana kitenge chake kifuani, uso umemvimba kama mtu anayezuia kikohozi katikati ya misa.

Kijana akamtazama. "Na huyu mama ni nani? Mbona haongei?"

"Anaumwa koo," alisema baba.

"Tangu lini?"

Baba alikuwa amemaliza maneno yake. Wazee wakatazama viatu vyao. Mama, ambaye hajawahi kuacha swali la mtu lipite bila kujibiwa, akasema, "Tangu asubui."

Kila mtu aliisikia Butembo katika neno hilo moja. Mama naye aliisikia. Akasogea mbele hadi mezani, na kwa kuwa pombe ilikuwa imekwisha kumwagika, akaamua kuvunja na mtungi.

"Basi wacha niseme. Mie niko Mukongo. Sikatalie. Nilizaliwa Butembo, nilibatizwa Butembo. Lakini uyu mutoto nilimuzalia apa Bwera, na baba yake ni ule bwana mwenye anaona haya pale. Kama munamukatala, mumukatale sababu hajue mupira. Musimukatale sababu ya mudomo yangu."

Ningependa kuandika kwamba yule kijana aliguswa moyo, akainuka, akamshika mama mkono. Alitazama saa ya ukutani, akasema ni wakati wa chakula cha mchana, akaondoka. Sisi kumi tukabaki tukitazama kiti chake. Pasipoti ilipatikana siku tatu baadaye, mara tu mtu fulani wa Kampala alipopiga simu kuuliza kwa nini namba sita hajafika kambini. Ukoo wa Munkunyu, babu watano na makoti saba havikufua dafu. Simu ilichukua dakika mbili.

Lakini njiani siku ile, ndani ya gari, mzee mwenye koti zuri alimwambia mama, "Umetuaibisha, lakini umesema vizuri." Baba alikuwa mbele, hakugeuka. Niliona tu masikio yake yakitabasamu, kama masikio yanaweza.

Mechi yangu ya kwanza ya kimataifa ilikuwa dhidi ya nani? Bila shaka, Kongo.

Mama aliposikia alikwenda kusali rozari ili iwe sare. Mimi nilianzia benchi. Kipindi cha pili namba sita wetu alivimba kifundo cha mguu, kocha akanitazama kama mtu anayetazama mwavuli uliotoboka wakati mvua imekwisha anza, akaniambia nivue koti. Niliingia na miguu iliyokuwa imelala. Pasi yangu ya kwanza kwa nchi yangu nilimpa refa.

Kisha nikaanza kusikia. Wachezaji wengi wa Kongo waliitana kwa Kilingala, na hapo sikuambulia kitu. Lakini viungo wao wawili walikuwa wa mashariki, na wao kwa wao waliongea Kiswahili kilekile cha mama yangu. Waliongea wazi, kwa sauti, kama watu walioko sebuleni kwao. Wenzangu wote waliitana kwa Luganda na Kiingereza, kwa hiyo kwa nini wanong'one?

"Peleka kuume, uyu mufupi amechoka."

Nikawahi upande wao wa kulia kabla ya mpira. Nikaukuta unakuja, nikauchukua.

"Pitisha kati, ataruka."

Sikuruka. Nikauchukua tena. Kocha wangu akaanza kunipigia makofi. Mara ya tatu mmoja wao alikuwa amebanwa karibu na boksi lao, akamwambia mwenzake, "Ngoja, narudisha kwa kipa." Alikuwa bado hajamaliza neno kipa nilipokwisha kupita mbele yake. Nikachukua, nikapeana. Mshambuliaji wetu, dada yuleyule mrefu aliyepona malaria na naye akaitwa, akatia wavuni.

Yule kiungo alibaki amesimama mikono kiunoni, akinitazama kutoka viatu hadi nywele.

"Weye unatusikiaka?"

"Tangu nizaliwe."

"Unatoka wapi?"

"Bwera."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha sana. "Kumbe weye ni wa kwetu," alisema, na kwa dakika zote zilizobaki waliongea kwa ishara za mikono. Tulishinda moja bila. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba nchi imepata kiungo mwenye uwezo adimu wa kusoma mchezo. Sikusoma chochote. Nilisikia tu, kama mtoto yeyote anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa.

Mjomba wangu wa Butembo alimpigia mama simu kwa uchungu. "Mwambie uyo mutoto, siku akikuya uku, sombe hatakula." Noeli tulipokwenda, alinipakulia sombe, yaani kisamvu, ya watu watatu na kuniomba jezi. Akaivaa kanisani.

Kasese nako walinipokea. Kulikuwa na gari lenye vipaza sauti na meza yenye maua ya plastiki. Mheshimiwa mmoja alisema nina damu safi ya milima ya Rwenzori. Alisema hivyo mara mbili. Mama alikuwa amekaa nyuma, safu ya mwisho, karibu na masufuria. Yule kijana mwenye tai alikuja pia, akaomba picha, akaniwekea mkono begani na kuniita dada yetu. Nilicheka kwenye picha hiyo. Ukiitazama vizuri utaona meno mengi kuliko inavyohitajika. Mheshimiwa aliahidi Bwera uwanja wa mpira wa wasichana, na kweli wiki hiyo wakaja watu wakapima na kupiga vigingi. Vilikuwa vigingi imara. Majirani wengi bado wanavitumia kufungia mbuzi.

Nilicheza miaka mingi baada ya hapo. Msimu mmoja nilikwenda nchi ya baridi, timu ya daraja la pili, ambako walinisifu kwa nguvu zangu za asili kila nilipotumia akili. Nilirudi. Nikaendelea kuitwa timu ya taifa, nikaendelea kuchukua na kupeana, mpaka asubuhi moja ya mazoezi ya kawaida. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka tu, na goti likabaki likitazama upande wa zamani. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavyovunjwa kuwasha moto.

Wakubwa wa mpira walinitumia barua ya pole. Ilikuwa barua nzuri, yenye muhuri, na ilinitakia nirudi upesi golini. Sijawahi kuwa golikipa.

Aliyekuja kwa miguu yake, karibu niseme, alikuwa afande. Alikuwa amestaafu hata ukocha na kuhamia Bugoye, akilima maharage juu ya bonde la Mubuku. Nilijua kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla mguu mmoja, lakini kujua si kuona. Alishuka kwenye bodaboda na magongo mawili, akanitazama nilivyolala kitandani kwa baba yangu nikiwa na uso wa kilio.

"Wewe iko na goti bado?"

"Ninalo, afande."

"Basi hapana lia. Mimi natafuta yangu sioni."

Kisha akaniamuru nipange nguo. Baada ya upasuaji nilikaa kwake na mkewe miezi minne. Daktari alikuwa ameandika nitembee kwenye tambarare. Bugoye haina tambarare. Hata vitanda vimeinama. Kila asubuhi nilipanda na kushuka kati ya migomba, naye akikaa kwenye kiti cha mbao juu ya njia, akihesabu kwa sauti ya paredi, "Moja, mbili, hapana vuta mguu, moja, mbili." Siku nikikataa kuamka, alikuja mlangoni na kugonga sakafu kwa gongo hadi mkewe aniombe niamke ili nyumba ipumzike. Jioni tulimenya maharage sisi watatu. Hakuwahi kuniambia nitapona. Mara moja tu alisema, bila kuniangalia, kwamba kati ya wote aliowafundisha, mimi ndiye niliyeelewa haraka kwa sababu sikuwa na kipaji cha kunichelewesha. Nimepata tuzo mbili tatu katika maisha yangu. Hiyo siiweki nazo kabatini, maana haikai, lakini ndiyo ninayoikumbuka nikiwa peke yangu.

Alifariki mwaka uliofuata, mimi nikiwa nimeanza kukimbia. Kwenye mazishi wazungumzaji walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa ndiye rafiki yake wa pekee. Mkewe alinishika mkono tu, akauminya, akaniuliza kama goti linauma kwenye baridi. Nikamwambia linauma. Akasema hata afande alikuwa akiumwa na mguu ule uliokatwa, kila mvua ikinyesha.

Nilirudi timu ya taifa, ndiyo, lakini mpira ulikuwa umejifunza kwenda kasi wakati nikiwa Bugoye. Wasichana wapya walinipita kama bodaboda zinavyopita lori la mahindi. Waliniita mama, kwa heshima, na hakuna kinachozeesha kuliko heshima ya namna hiyo. Nilijua mwisho umefika. Basi nikamwomba mama kitu nilichokuwa sijamwomba tangu lile kofi la katekista: aje aone mechi moja, kabla sijaacha.

Alikuja, na baba, na kikapu. Aliketi jukwaani katika kitenge kipya, akatazama dakika tisini zote bila kugeuza uso. Kocha hakuniingiza. Alikuwa ameniahidi dakika kumi. Mambo yakawa magumu, akasahau, na namfahamu kocha asiyesahau wachezaji wa benchi kama ninavyofahamu simba anayekula majani. Filimbi ilipolia, nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile ya kucheza hakutazama, na siku aliyotazama, mtoto wake alikuwa ameketi amevaa koti, akinywa maji.

Nilimkuta nje karibu na geti. Alikuwa na furaha ambayo sikuitegemea, macho yanang'aa.

"Nimeona," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Bale wengine bote walikuwa banakimbia kwa jua, banaanguka, banapigwa. Weye walikupa kiti."

Nikamtazama baba. Baba akatazama kikapu.

"Na mutu alikuwa anakuletea maji," mama aliendelea. "Mara mbili. Nilihesabu. Sasa najua kazi yako iko kubwa."

Sikumsahihisha. Nilibeba kikapu, tukatafuta gari la kurudi Bwera. Wiki iliyofuata niliwaandikia wakubwa wa mpira kwamba nimestaafu, na sasa nafundisha wasichana kwenye kipande cha shamba la baba alichokifyeka mwenyewe bila kusema kitu. Sokoni Mpondwe, mama ameshaeleza mambo yote. Wanawake wa vitenge hunisalimia kwa adabu mpya, na mmoja aliniuliza juzi, kwa siri kidogo, binti yake afanye mazoezi gani ili naye siku moja afike cheo cha kukaa.